Pedro Bucaneg na Mji Wake wa Bantay: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nikimtaja Pedro Bucaneg mbele ya wapenzi wa tenzi na mashairi, maswali huwa ni yale yale. Huyu ni nani? Kipofu aliwezaje? Ni yeye kweli aliyetunga utenzi wa Lam-ang? Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa kadiri yanavyostahili. Mengine yana jibu la mstari mmoja, mengine yanataka mtu avute mkeka akae.

Pedro Bucaneg ni nani?

Ni malenga, mwimbaji na mfasiri wa lugha ya Kiilokano. Aliishi Bantay, katika jimbo la Ilocos Sur, kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino, kuanzia mwaka 1592 hadi kwenye 1630 hivi. Alikuwa kipofu tangu kuzaliwa. Wailokano humwita baba wa fasihi yao. Wengine huliandika jina lake Bukaneg, kwa tahajia ya siku hizi. Ni mtu yule yule.

Ni kweli aliokotwa mtoni?

Ndivyo wanavyosimulia wenyewe. Mwezi Machi 1592 bibi mmoja mzee aliona tampipi linaelea kwenye mto upitao kati ya Bantay na Vigan. Tampipi ni kasha la kusukwa lenye mfuniko, ambalo watu walitilia nguo. Alipolivuta na kulifunua akakuta mtoto mchanga wa kiume, kipofu, na masimulizi hayafichi kwamba sura yake haikuwa ya kupendeza. Bibi akampeleka kwa mapadre Waagustino, wa shirika la Mtakatifu Agustino, waliokuwa na nyumba yao pale Bantay. Wakamlea na kumbatiza Pedro.

Kila mtu hukumbuka kisa cha Nabii Musa hapo, na sidhani wasimulizi Wakatoliki wa Ilocos hawakukikumbuka. Linalonigusa mimi ni jingine. Mji ukipata nafasi ya kumsimulia shujaa wake, kwa kawaida humpa baba mkubwa na nyumba kubwa. Watu wa Bantay hawakufanya hivyo. Wamesimulia karne kwa karne kwamba baba wa fasihi yao alikuwa mtoto aliyetupwa, na kwamba aliyemtoa majini ni bibi ambaye hata jina lake halikubaki.

Bucaneg maana yake nini?

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba jina hilo ni ufupisho wa maneno ya Kiilokano yanayomaanisha Mwitneg aliyebatizwa. Waitneg ni watu wa milima ya Abra, mashariki mwa Bantay. Kama maelezo hayo ni sahihi, basi Wailokano wa pwani wanamwita baba wa fasihi yao kwa jina la jirani wa milimani. Lishike hilo, tutalirudia tukifika kwa Lam-ang.

Kipofu wa karne ya 17 alisoma vipi?

Kwa sikio. Msomaji aliyekulia karibu na chuo hatashangaa. Tumewaona vipofu waliohifadhi juzuu baada ya juzuu kwa kusikiliza, wakawasahihisha wenye macho. Bucaneg alikulia katika nyumba ambayo maandiko yalisomwa kwa sauti na kuimbwa kila siku, na anatajwa kuwa alizijua lugha nne: Kilatini, Kihispania, Kiilokano na Kiisneg, lugha ya watu wa milimani. Watu walimfuata kwa ajili ya nyimbo zake na mashauri yake, naye alihubiri kwa maneno yenye mapigo ya ushairi.

Kazi yake iliyo kubwa kuliko zote ni ipi?

Wengi watakujibu Lam-ang. Mimi nasema ni katekisimu.

Mwaka 1621 kilichapwa Manila kitabu cha mafundisho ya dini kwa Kiilokano, tafsiri ya katekisimu ya Kardinali Roberto Bellarmino. Jina lililo mbele ni la padre Mwagustino, Francisco López. Aliyekuwa ubavuni mwake ni Bucaneg. López alikuwa na kalamu, na alikijua Kilatini na Kihispania, lakini Kiilokano alijifunza ukubwani. Mtu wa kumwambia neno lipi linakaa na lipi linachechemea alikuwa yule kipofu. Ukifasiri kitabu cha dini katika lugha ambayo haijawahi kuwa na kitabu, unaamua kila siku mambo ambayo vizazi vitayafuata: neema tuiiteje, dhambi tuiiteje, Mungu tumpe jina la wenyeji au la wageni? Hayo yote yalipita kwenye masikio ya Bucaneg. Aidha, alimsaidia López katika sarufi ya Kiilokano iliyochapwa mwaka 1627, ambayo ni ya kwanza ya lugha hiyo.

Kuna ukurasa mmoja wa mambo haya ambao nautamani kuliko yote. Sala ya Baba Yetu katika kitabu hicho imechapwa kwa Kiilokano, lakini kwa baybayin, hati ya wenyeji waliyokuwa nayo kabla ya Wahispania. Katika baybayin kila herufi ni konsonanti iliyobeba irabu, ikisimama peke yake husomwa kwa "a". Konsonanti iliyo mwisho wa silabi haina pa kukaa, basi huachwa tu, msomaji ataijaza mwenyewe. Jina la mji wenyewe, Bantay, lingeandikwa "ba-ta". López akatia alama ya msalaba mdogo chini ya herufi, maana yake: hapa irabu imekufa, soma konsonanti tupu. Kwa msalaba huo Bantay huandikwa Bantay, n na y zote zipo.

Wenyeji hawakuikubali alama hiyo. Waliendelea kuandika walivyozoea. Sisi ambao maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu tungestarehe sana na baybayin. Na sisi ambao wazee wetu waliandika tenzi kwa hati ya Kiarabu, ambamo msomaji alijaza sauti nyingi kwa kuijua lugha, tunaelewa kwa nini watu wa Ilocos hawakuona upungufu pale padre alipouona.

Je, ndiye aliyetunga Biag ni Lam-ang?

Mapokeo yanasema ndiye. Vitabu vingi vya shule vinasema hivyo pia. Wataalamu wengi wa fasihi ya Kiilokano wana mashaka, na mimi nimesimama upande wao.

Utenzi huo, ambao jina lake maana yake ni "Maisha ya Lam-ang", ulikuwa ukiimbwa na watu wasioandika, ukapokezanwa kwa midomo. Ulichapwa kwa mara ya kwanza zaidi ya miaka 250 baada ya Bucaneg kufa. Padre Gerardo Blanco wa mji wa Bangar, katika jimbo la La Union, alimpa nakala Isabelo de los Reyes, mwandishi na mtafiti mzaliwa wa Vigan, naye akautoa katika gazeti lake *El Ilocano* kuanzia Desemba 1889 hadi Februari 1890. Baadaye zilitokea nakala nyingine, na hazilingani: idadi ya beti inatofautiana na matukio yanatofautiana. Baba wa Lam-ang anaitwa Don Juan, kuna ubatizo na kuna harusi ya kanisani, kando ya mambo ambayo ni ya zamani kabla ya kanisa lolote. Huo si mwandiko wa mtu mmoja. Huo ni utenzi uliokaa vinywani mwa watu wengi, kila mmoja akiongeza chumvi yake.

Inawezekana kabisa kwamba Bucaneg aliuimba. Mwimbaji wa Ilocos wa wakati ule asiyeijua hadithi hiyo ni vigumu kumfikiria. Lakini kuuimba si kuutunga, na sioni faida ya kumvika kipofu yule kanzu ya wengi wakati yake mwenyewe anayo.

Lam-ang anafanya nini katika utenzi huo?

Anazaliwa katika mji wa Nalbuan, mama yake ni Namongan. Baba ameshaondoka kwenda kupigana na Waigorot, watu wa milimani. Mtoto anatoka tumboni akisema. Anajichagulia jina mwenyewe, anamchagua na mzazi wake wa ubatizo, kisha anauliza: baba yangu yuko wapi? Akiwa na miezi tisa tu anaondoka kwenda kumtafuta. Anakuta kichwa cha baba kimewekwa juu ya mti na adui wanakishangilia. Anawaua.

Akirudi anaoga katika mto Amburayan, wasichana wakimsugua. Uchafu na moshi uliomtoka mwilini unaua samaki wa mto mzima. Hapo hadhira hucheka, na naamini ndivyo ilivyokusudiwa, kwa sababu dakika chache zilizopita walikuwa wanatazama kichwa cha mtu aliyeuawa.

Kisha mapenzi. Anamfuata Ines Kannoyan wa Kalanutian, mrembo mwenye wachumba waliojaa uani. Lam-ang ana jogoo na mbwa. Jogoo anawika, nyumba iliyo kando inaanguka. Mbwa anabweka, nyumba inasimama tena. Ines anatoka kutazama. Wazazi wanataka mahari, Lam-ang analeta merikebu mbili zimejaa dhahabu.

Baada ya harusi inafika zamu yake ya kupiga mbizi kumtafuta samaki aitwaye rarang. Anamwambia mkewe kabla hajatoka: ukiona ngazi zinacheza na meko yanavunjika, ujue nimekufa. Kweli anamezwa na mnyama wa baharini aitwaye berkakan. Mpiga mbizi jina lake Marcos anaileta mifupa ufukweni. Ines anaifunika kwa nguo yake mwenyewe, anageuza uso, jogoo anawika, mbwa anabweka, mifupa inatikisika. Lam-ang anaamka na kusema amelala usingizi mzito kweli kweli.

Waigorot wenyewe wanauonaje utenzi huu?

Swali hili huulizwa mara chache kuliko inavyostahili. Waigorot ni watu wa milima ya Cordillera, wapo, wana vyuo, wana waandishi, na watoto wao husomeshwa utenzi ambamo babu zao wanachinjwa kwa kujigamba. Si haki kuupitisha darasani bila neno.

Historia ilikuwa na sura nyingine pia. Kabla ya Wahispania, watu wa pwani na wa milima walifanya biashara: dhahabu ilishuka kutoka migodi ya Waigorot, chumvi na mifugo ikapanda. Na kama jina la Bucaneg linatokana na Waitneg, ambao nao ni watu wa milimani, basi mtu anayesifiwa kwa utenzi wa kuwapiga watu wa milima huenda mwenyewe alikuwa na damu ya huko, na lugha mojawapo ya milimani aliijua. Mwalimu anayemfundisha Lam-ang bila kumtaja Bucaneg kwa upande huo anaacha nusu ya somo.

Utenzi huimbwa vipi?

Kwa mahadhi ya dal-lot, uimbaji wa zamani wa Kiilokano. Dal-lot yenyewe ni pana kuliko utenzi mmoja. Ni majibizano ya beti zinazotungwa papo hapo, hasa kwenye harusi: upande wa mume unatupa ubeti, upande wa mke unaurudisha. Pana sifa, pana kejeli, pana maswali ya kutegana. Sauti hupanda na kushuka ndani ya eneo dogo, na mwimbaji huvuta irabu ya mwisho apate nafasi ya kufikiri ubeti ujao. Aliyewahi kukaa kwenye majibizano ya malenga wetu anaijua pumzi hiyo hata kama haelewi neno.

Kuna na aina nyingine: dung-aw ni maombolezo, anayefiwa huimba akimsemesha maiti moja kwa moja, anamlaumu kwa kuondoka na kumkumbusha kazi alizoziacha. Duayya ni bembelezi ya mtoto. Shairi kwa jumla huitwa daniw.

Nyimbo za Bucaneg mwenyewe zipo?

Hakuna mkusanyiko wa nyimbo zenye jina lake. Kwa mtunzi wa nyimbo wa zama zile, tena asiyeandika kwa mkono wake, wimbo uliopendwa ulikuwa mali ya watu kabla ya mwaka kwisha. Maneno yaliyobaki kwenye karatasi ni yale ya 1621 na 1627, na juu yake kuna jina la López.

Bukanegan ni nini?

Ni mashindano ya mabishano kwa mashairi katika Kiilokano, na jina limetoka kwake. Washairi wawili husimama jukwaani, kila mmoja anatetea upande wake wa hoja kwa beti zenye vina, na kuna mtu wa kati anayewaongoza. Watagalog walianza kwao mwaka 1924 mjini Manila wakauita mchezo huo balagtasan, kwa heshima ya mshairi Francisco Balagtas. Wasemaji wa Kikapampanga, lugha nyingine ya Luzon, wakauita crissotan, kwa jina la Juan Crisostomo Soto. Wailokano hawakuhitaji kutafuta mbali.

Kwangu huu ndio urithi mkubwa kuliko sanamu yoyote. Watu wanapogombana kwa beti, jina la kipofu wa Bantay limegeuka nomino ya kawaida, halihitaji herufi kubwa.

Nikifika Bantay nitaona nini?

Bantay uko takriban kilomita 400 kaskazini mwa Manila, ng'ambo tu ya Vigan. Kwa Kiilokano "bantay" ni mlima. Kwa Kitagalog neno hilo hilo ni mlinzi. Maana zote mbili utaziona mahali pamoja: juu ya kilima, mbali kidogo na kanisa, umesimama mnara wa kengele wa matofali mekundu, uliojengwa zama za Wahispania mwishoni mwa karne ya 16, na ambao ulitumika pia kutazamia adui. Ukisimama hapo unaona mashamba na mto, na nyuma yake milima ya Abra. Yaani kwa kugeuza shingo tu unaiona dunia yote ya Bucaneg, mto wa tampipi na milima ya Waitneg.

Kanisa la Mtakatifu Agustino liko chini ya kilima. Liliharibiwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, likakarabatiwa mwaka 1950. Tarehe 27 Julai 2022 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 7.0 lililoanzia Abra liliangusha sehemu ya ukuta wa mnara, matofali yakaporomoka hadi kwenye nyasi. Kabla ya kupanga kupanda, uliza hali ya mnara ikoje wakati huo.

Kwa nini Vigan husikika zaidi?

Kwa sababu ya UNESCO, iliyoutia mji huo katika urithi wa dunia mwaka 1999, na kwa sababu ya mtaa wake wa mawe wenye nyumba za kale. Vigan pia ina washairi wake. Leona Florentino, aliyezaliwa huko 1849 na kufa 1884, aliandika kwa Kiilokano na Kihispania, na mashairi yake yalifika maonyesho ya Madrid 1887 na Paris 1889. Ni mama yake Isabelo de los Reyes, yule yule aliyemchapa Lam-ang. Uwanja wenye sanamu yake uko mwanzoni mwa mtaa huo maarufu. Wageni wengi hupiga picha hapo, wakavuka kwenda Bantay kwa nusu saa ya kuuona mnara, wakarudi bila kulisikia jina la Bucaneg. Ukienda, uliza kwa jina lake.

Kiilokano bado kinaandikwa?

Sana. Ni lugha ya tatu kwa wingi wa wasemaji asilia nchini Ufilipino, baada ya Kitagalog na Kisebuano. Jarida la *Bannawag*, maana yake mapambazuko, lilianza 1934 na limekuwa jukwaa la hadithi na mashairi kwa vizazi. Waandishi wana chama chao, GUMIL, tangu 1968, na heshima wanayompa mwandishi aliyeitumikia lugha kwa muda mrefu ni tuzo ya Pedro Bucaneg. Mjini Pasay, ndani ya Manila Kuu, kuna barabara yenye jina lake karibu na majumba ya utamaduni.

Lugha imevuka bahari pia. Kundi la kwanza la vibarua 15 wa Kifilipino lilifika Hawaii Desemba 1906 kwa ajili ya mashamba ya miwa, na waliofuata wengi walikuwa Wailokano. Leo Chuo Kikuu cha Hawaii kilichopo Manoa kinafundisha Kiilokano na fasihi yake.

Je, Kiilokano kina uhusiano wowote na lugha za upande wetu?

Na Kiswahili, hapana. Lakini ni ndugu wa Kimalagasi, na kwa hiyo ni ndugu wa Kibushi, Kimalagasi kinachosemwa na majirani zetu wa Mayotte. Mwilokano akihesabu tano anasema lima, Mmalagasi anasema dimy. Saba ni pito kwa mmoja, fito kwa mwingine. Nane ni walo, na kule ni valo. Wahenga wao walikuwa wamoja kabla ya bahari kuwatenganisha.

Nianze na kusoma nini?

Anza na Lam-ang katika lugha yoyote unayoisoma, lakini usome kwa sauti. Kisha tafuta mtu wa kuimba dal-lot hata kwenye rekodi, usikilize ubeti mmoja mara tatu nne bila kutafuta maana. Mara ya nne utaanza kusikia anapovuta pumzi. Ukishapasikia, rudi kwenye ile sala ya 1621, itazame misalaba midogo chini ya herufi, na umkumbuke aliyekaa upande wa pili wa meza akisikiliza kila neno linavyoishia.